Dume Kwanza Hukuonyesha Ubavu

Oosterwarf, 3 Machi

Mwanangu Gesche,

Salamu kwanza, ya kimashine cha gemu baadaye, maana nikianza na kimashine nitasahau kukuuliza kama unakula. Unakula? Mkate peke yake si chakula. Nimekuwekea soseji mbili kwenye furushi, zile zilizokaushwa kwa moshi. Uzile wewe, usimpe yule mhariri wako.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu iko jikoni, na jikoni yupo Habbo. Kaka yako siku hizi hapendi maneno mengi. Tangu tumzike baba yenu na karatasi za shamba zihamie kwake, ni kama kila kelele inamwingia kwenye mfupa. Basi mimi naandika. Mama wa posta anapita saa nne, nampa mkononi.

Haya, gemu yako. Ulisema nicheze wiki mbili halafu nikuambie mkulima wa kweli anaionaje, uweke kwenye uhakiki. Mimi shule niliishia darasa la nane, uhakiki siujui, nitakuambia nilichoona tu.

Hilo Bonde Jema lao ni pazuri. Jua kila siku, mvua inanyesha kwa adabu. Ng'ombe unamsugua shingo mara moja, kamoyo kekundu kanatokea juu ya kichwa chake, kesho anatoa maziwa. Kwato haziozi, kiwele hakivimbi, na kinyesi hakuna kabisa. Nilitafuta kinyesi siku mbili nikidhani nimekosea kubonyeza. Ng'ombe asiye na kinyesi ni mgonjwa huyo, mwite daktari.

Wangu nimempa jina Alma. Alma wetu wa kweli, wiki iliyopita Habbo alimvunja mkia. Alikuwa hataki kuingia chumba cha kukamulia, Habbo akaushika mkia akaupinda, ukalia kama karoti. Sasa unaning'inia tu. Kiangazi nzi watamla na hatakuwa na cha kuwafukuzia. Lakini hayo ni ya hapa.

Kitu kimoja ukiandike. Dume lao ni uongo mtupu. Unampita, unamsukuma, anasogea kama mto wa kochi. Watoto wakijifunza hivyo wataumia. Dume letu Askofu unamjua, na ule ukosi wake mweupe ambao baba yako aliucheka hadi akampa jina. Dume harukii mtu tu. Kwanza hukuonyesha ubavu. Anasimama kiupande, anapinda mgongo, uone upana wake wote. Ni kama anakuambia, nitazame vizuri. Ukimtazama na kurudi nyuma polepole, utakula chakula cha jioni. Ukimpa mgongo, basi. Nimeishi na wawili wa namna hiyo, na ni mmoja tu mwenye pembe. Hiyo ya mwisho ni ya kucheka, usiitie maanani.

Kimashine nakirudisha kama ulivyoagiza, upige picha shamba langu. Ila kirudi upesi, tafadhali. Nikiwa nacho mchana hausikiki, na mabuti ya watu kwenye korido hayasikiki.

Mama yako anayekuombea,
Theda


Hamburg, 11 Machi

Mama,

Soseji nimezila zote. Mhariri aliona maganda.

Nimelifungua shamba lako ofisini, wenzangu wakajazana nyuma ya kiti changu. Mama, umefanya nini? Nyumba umeizungushia uzio mara tatu na hakuna lango hata moja. Halafu kitanda umekihamishia bandani, pembeni ya Alma. Miaka sita nahakiki gemu za kilimo, za kwenye televisheni na hizi za mkononi, na sijawahi kuona mchezaji aliyejizuia kuingia nyumbani kwake mwenyewe. Tulicheka mpaka Jannes akamwaga kahawa.

Ile ya dume imempendeza mhariri kuliko sentensi zangu zote. Anataka ifungue uhakiki, pamoja na wale wawili, mwenye pembe na asiye na pembe. Najua unamsema mwenyekiti wa ushirika wa maziwa, usikatae.

Nina neno moja la kukuambia kuhusu hilo Bonde Jema, maana sidhani umeligundua: humo mtu hafi. Ukizidiwa na kazi unaanguka tu chini, ukifumbua macho uko kitandani, ni asubuhi, na kuku wanakusubiri. Kwa hiyo usiogope kujaribu mambo.

Habbo ananuna bado? Mwambie aoe. Na hizo herufi zako za mstari wa mwisho zilikuwa zinapanda na kushuka. Ni macho? Nenda kapimwe miwani.

Kimashine kimo kwenye furushi hili. Nimekuongezea waya wa kuchajia.

Wako,
Gesche


Oosterwarf, 19 Machi

Mwanangu,

Asante kwa kimashine. Macho ni mazima. Lango sikuliweka kwa sababu sikujua linawekwaje. Na kitanda, sijui nikuambie nini. Bandani kuna joto la wanyama. Ng'ombe hajawahi kufungua mlango kwa teke.

Ninalotaka ni hili, na ulisome mara mbili: ile ya wawili, itoe. Ya dume acha, ya pembe itoe. Jina langu usiandike, na kijiji usikitaje. Nilisema ya kucheka, na mtu akicheka peke yake jikoni hasemi kitu cha kuchapishwa. Itoe, mama. Nakuomba.

Molli hayupo tena. Habbo alikuwa amejilaza mchana, Molli akambwekea gari la maziwa kama anavyobweka siku zote tangu akiwa kitoto. Habbo akatoka na soksi, akachukua koleo lililokuwa ukutani. Pigo la kwanza halikutosha. Nilitazama la kwanza na la pili, la tatu nilitazama ukuta. Nimemzika mwenyewe kando ya mfereji, na udongo wetu unaujua ulivyo mzito mwezi huu, unashika koleo kama hautaki kumpokea. Lilikuwa koleo lile lile, hakuna lingine.

Wübke wa ng'ambo ya barabara aliniona jicho limevimba. Nimemwambia ni mlango wa banda, upepo. Na wewe ukisikia, ni mlango wa banda.

Kwenye gemu nimenunua mbwa. Nimemwita Molli. Anabweka kutwa nzima na hakuna kinachotokea.

Mama yako,
Theda


Hamburg, 27 Machi

Mama,

Barua yako imefika jarida likiwa limeshatoka. Nilikimbilia kwa mhariri nikiwa nayo mkononi. Akasema, "Gesche, limeshafika hadi kwenye vibanda vya stesheni, nikalifukuze na baiskeli?"

Sikutaja jina lako wala kijiji. Lakini jina langu liko juu, Gesche Uphoff, na Oosterwarf nzima inajua Gesche Uphoff ana mama mmoja. Kipande chenyewe ni hiki, uone kilivyoandikwa:

"Mama yangu amekamua ng'ombe miaka arobaini, kwa hiyo nilimpa yeye Bonde Jema kabla yangu. Ng'ombe amewapenda. Dume amelikataa. Anasema dume wa kweli kwanza hukuonyesha ubavu, na ukimpa mgongo umekwisha. Anasema ameishi na wawili wa namna hiyo, na ni mmoja tu mwenye pembe. Alama: saba kwa kumi."

Sasa nimeisoma kwa macho mengine. Nimesoma na ile ya Molli. Mama, nakuuliza na unijibu kwa neno moja tu, hata nyuma ya kadi: Habbo anakupiga?

Gesche


Oosterwarf, 5 Aprili

Gesche,

Leo anakuandikia kaka yako.

Nilikwenda ghala la chakula cha mifugo kuchukua magunia ya pumba. Tamme alikuwa na lile gazeti lako. Alinisomea kwa sauti mbele ya watu tisa. Alipomaliza akasema, "Habbo, hebu vua kofia tuone kama pembe zimeanza." Walicheka wote, hata yule mzee wa mizani ambaye hasikii. Nikasimama pale na gunia begani kama punda.

Wewe unatoa alama saba kwa kumi kwa ng'ombe wa kuchorwa. Mimi nina ng'ombe sitini na wawili wenye damu na mavi, kila alfajiri, na hakuna anayenipa alama. Ulikimbia hapa ukiwa na miaka kumi na tisa. Hujui nilichobeba kabla hata hujazaliwa.

Kidude chako kimo kwenye huo mfuko, kilichobaki. Nilitumia nyundo ya vigingi. Mama alitaka kukiokoa, akaweka mkono. Kosa lake. Hataandika kwa muda.

Usije. Ukija nitamfungulia Askofu uani.

Habbo


Hamburg, 16 Aprili
(ipitie kwa Wübke)

Mama,

Sijui niandikeje baada ya Jumamosi. Nimeendesha gari kwa saa tatu, nimewaleta polisi wawili mpaka mlangoni, na wewe ukasimama dirishani na mkono umefungwa kama mkate kwenye kitambaa, ukasema, "Nilianguka." Wakakuuliza tena. "Nilianguka, chumba cha kukamulia kinateleza." Wakaandika umeanguka. Halafu Habbo akawakaribisha chai, nao wakanywa vikombe vitatu kama desturi inavyotaka, na mimi nimekaa nje kwenye gari. Mmoja alitoka akiwa bado anatafuna biskuti zako.

Sikulaumu. Aliyeandika ni mimi. Nyundo ilikuwa yake lakini mimi ndiye niliyemwelekeza pa kupiga.

Sasa nisikilize. Nimempelekea mwanasheria nakala ya mkataba mliotia saini mlipompa Habbo shamba. Chumba cha mashariki, lita mbili za maziwa kila siku, viazi, na kupelekwa kanisani kwa gari: hivyo ni vyako mpaka kufa. Habbo alikuambia ukilala nje usiku mmoja unavipoteza vyote. Hakuna mahali pameandikwa hivyo. Nimesoma mara nne, mwanasheria amesoma, hakuna. Unaweza kulala kwangu miaka kumi na kile chumba bado ni chako. Miezi yote hii umekaa humo ukilinda mlango ambao haukuwa unafungwa.

Simu iko jikoni, barua anaweza kuzishika. Lakini kila Alhamisi anakuruhusu uende chai kwa Wübke, kwa sababu usipokwenda watu watauliza. Basi iwe hivi. Wübke atakumiminia, na ataendelea kumimina, kama kawaida yetu, mpaka mgeni aweke kijiko kikombeni kusema ametosheka. Siku utakayotosheka, weka kijiko. Huna haja ya kusema neno. Atafunga mlango kwa ufunguo na atanipigia. Nitakuja.

Mhariri amenipa gemu mpya kuhakiki, ya kwenye televisheni, ya matrekta makubwa na mashine za kuvunia. Nakaa mbele yake na siwezi kubonyeza kitu.

Gesche


Oosterwarf, 3 Mei

Mwanangu,

Naandika kwa mkono wa kushoto mezani kwa Wübke, ndiyo maana herufi zimelala kama ngano iliyopigwa na mvua ya mawe. Vidole vitatu vya kulia vimeunga vibaya. Daktari anataka avivunje upya avinyooshe. Nimemwambia kuvunjwa kumenitosha, asante.

Umetaka neno moja. Ndiyo.

Alianza Novemba, wiki ya tatu baada ya mazishi. Kofi. Nikasema ni majonzi. Desemba ngumi, mbavu za kushoto, ndiyo maana Krismasi sikuimba, si mafua. Januari akaanza na lile bomba la chuma la kuongozea ng'ombe. Jicho la Machi halikuwa mlango. Na siku ya kimashine sikuweka mkono mimi, Gesche. Aliweka kimashine mezani, akakiponda, akaniuliza, "Mkono ulioandika ni upi, Mama?" Nikamwonyesha. Sijui kwa nini nilimwonyesha. Nimezoea kuwajibu watoto wangu wakiniuliza kitu. Akaushika akaulaza pale pale kwenye vioo.

Utasema, basi toka. Subiri na mimi nikuambie langu, ambalo mpaka baba yako anakufa hatukuwahi kulitaja.

Lile bomba halikuanza na Habbo. Alipokuwa na miaka tisa aliacha lango la malisho wazi, mitamba ikaingia mferejini, miwili ikafa maji. Baba yako alimpeleka bandani, akampiga kwa bomba lile lile. Wewe ulikuwa tumboni mwangu. Habbo aliniita. Nilimsikia vizuri, "Mama," mara tatu, banda na jikoni ni hatua ishirini. Mimi nilikuwa na birika mkononi. Nikamimina chai. Kikombe kilijaa, ikafurika kwenye sahani, ikafurika mezani, na mimi namimina. Sikwenda. Siku ile, na siku zilizofuata, maana zilifuata. Alikaa wiki nzima hawezi kuketi, akawa analala kwenye majani na ndama.

Kwa hiyo bomba likishuka huwa nasema moyoni, haya, Theda, na wewe ulikuwepo.

Kijiko leo sikuweka. Nilikunywa vikombe saba. Wübke akasema, "We mwanamke, utapasuka. Au nichemshe mfereji mzima?" Nilicheka hadi mbavu zikanikumbusha zilipo. Sikuweka. Ni mtoto wangu. Na Alma anazaa mwezi huu, na mkia umevunjika, nani atamshikia?

Gemu ya matrekta icheze, kazi ni kazi. Angalia kama trekta lao linaweza kumkamata mtu nguo na kumzungusha. Kama haliwezi, punguza alama.

Mama yako,
Theda


Oosterwarf, 7 Juni, Alhamisi

Mwanangu Gesche,

Wübke ameshakupigia, na huenda barua hii utaisoma mimi nikiwa nimekaa kwako nakula mkate wako mkavu. Bado naiandika. Kuna jambo siwezi kukuambia tukiwa tunatazamana, na nilikudanganya ulipokuja hospitalini kwa ajili ya Habbo. Nilisema nilikuwa barabarani, nikasikia kelele, nikakimbia. Sikuwa barabarani.

Alhamisi ile ya Mei nilivaa koti kuja huku kwa Wübke. Habbo alikuwa ndani ya zizi la vyuma, anataka kumhamisha Askofu, na Askofu hataki. Alishampiga na bomba puani mara mbili. Damu ilikuwa inashuka kwenye ule ukosi mweupe mpaka ukawa si ukosi tena. Basi Askofu akageuka kiupande. Akapinda mgongo. Akaonyesha ubavu wote, Gesche, mpana kama ukuta wa kanisa. Habbo alizaliwa kwenye shamba hili, hilo alilijua kabla hajajua kusoma. Lakini hapo hapo akaniona napita na koti.

"Unakwenda wapi wewe? Unakwenda kunisema tena?"

Akanigeukia. Mgongo kwa dume.

Nilikuwa na maneno mawili mdomoni: nyuma yako. Yalikuwa tayari, ulimi ulikuwa umeshainuka. Nikayameza.

Dume halikunguruma. Lilimwingia chini ya kiuno, likamwinua, likampiga kwenye vyuma. Nyonga ilivunjika, nilijua ni nyonga, mlio ni ule wa ng'ombe anapoteleza na kuvunjika kwenye zege. Bomba liliruka likaangukia karibu na miguu yangu. Akaanguka. Askofu akarudi nyuma hatua nne, akateremsha kichwa, akamkandamiza chini kama mtu anakanda unga. Hiyo ya pili. Pembe iliingia kwapani ikatoka na shati na kitu kingine. Mimi nimesimama. Mkono uko juu ya komeo la lango na haufungui. Usije ukaandika popote kwamba niliganda. Sikuganda. Nilikuwa natazama. Nilimkumbuka Molli. Nilikumbuka vidole kimoja kimoja, kwa zamu. Dume lilipomburuta mara ya tatu kwenye matope, miguu yake haikuwa inafuata mwili, nami bado nimesimama, na moyo wangu, Mungu anisamehe, ulikuwa umetulia kama maziwa kwenye ndoo.

Ndipo akaita. "Mama."

Halafu, "Mama, fungua."

Haikuwa sauti ya mwanamume wa miaka thelathini na nane. Ilikuwa ile ya bandani.

Nikafungua. Niliokota bomba kwa mkono wa kushoto, mimi ambaye sijawahi kumpiga mnyama hata kwa fimbo, nikampiga Askofu juu ya jicho. Halikutosha. Nikampiga tena pale pale mpaka jicho likapasuka, akarudi nyuma akitikisa kichwa, damu inaniruka usoni, ya moto. Nilimpiga na ya tano na ya sita ambazo hazikuwa na kazi. Najua hazikuwa na kazi. Halafu nikamshika kaka yako ukosi wa koti nikamburuta chini ya vyuma. Vile vidole vitatu vikavunjika tena, basi daktari amepata alichotaka.

Habbo alikuwa anatoka damu mdomoni. Akanitazama akasema, "Ulisimama."

Nikamwambia, "Ndiyo. Kama siku ile bandani."

Akafumba macho. Alilia, na hakulilia mifupa, mifupa ilikuwa imelia mapema.

Askofu walimpiga risasi jioni ile ile. Mnyama pekee kwenye shamba hili aliyekuwa anakuonya kabla.

Nilidhani hapo yamekwisha. Nilijiambia, sasa tumelipana, mimi na yeye, tutaanza upya. Jumatatu gari la hospitali likamleta. Miguu haitembei na haijulikani kama itatembea. Kuna msaidizi ameletwa na bima kukamua, kijana mzuri kutoka bara, anawaongelesha ng'ombe kama majirani. Alma amezaa, jike, na mkia mzima. Jumanne nikampelekea Habbo chai kitandani, sukari yake ya mawe, malai juu, kama anavyopenda. Nikaketi pembeni. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikuja mwishoni, lakini nilikuja."

Akaishika birika. Mikono yake mizima. Alinirushia yote, shingoni na kifuani, ngozi imetoka na kola ya nguo. Halafu akasema kwa utulivu kabisa, "Chemsha nyingine."

Nilisimama pale nikisubiri kama nitamwonea huruma. Nilimwonea. Huruma ninayo, Gesche, imejaa, haitapungua hata nikifa. Lakini nilimtazama amelala pale na nikaona amegeuka kiupande, kitandani, na mgongo ameupinda. Nikarudi nyuma polepole mpaka mlangoni. Sikumpa mgongo.

Leo nikaja kwa Wübke na kitambaa shingoni. Kikombe cha kwanza hakuuliza. Cha pili akasema mvua itaharibu majani yaliyokatwa. Cha tatu. Akainua birika ya nne, na mimi nikachukua kijiko nikakiweka kikombeni. Kikagonga kauri kwa sauti ndogo. Wübke akaishusha birika. Alikwenda akafunga mlango kwa ufunguo, akafunga na dirisha la uani, ndipo akaenda kwenye simu, na nikasikia anasema, "Ni mimi. Leo."

Kwa hiyo njoo. Polisi wakitaka niwaambie, nitawaambia yote, na la mgongo wake, na la lango, wakitaka wanifunge kwa hilo wanifunge. Mkataba ule uulete, niuone mwenyewe kwa macho pale ambapo hapakuandikwa kitu.

Na uhakiki wako ule wa Bonde Jema, kama wanakuruhusu kuurekebisha, alama saba ni nyingi. Mimi ningewapa nne. Tatu za Alma, na moja kwa sababu mtu akianguka anaamka. Siku ukinipatia kimashine kingine, usinionyeshe jinsi ya kupanda wala kuvuna, hayo nayajua. Nionyeshe lango linawekwaje.

Mama yako,
Theda